Fundi anasema bwawa la kuogelea la mita 8 kwa 4 linaisha wiki sita. Mliojenga nyumbani, mlikutana na nini?

#1 BabaTatu
Habari wakuu. Nina nafasi nyuma ya nyumba, Mbezi Beach upande wa chini wa Barabara ya Bagamoyo. Nataka kuwajengea watoto bwawa: urefu mita 8, upana 4, kina kinaanzia mita 1 hadi 1.8. Nimeita mafundi watatu. Wa kwanza kasema milioni 28, anajenga kwa tofali, wiki sita kazi imeisha. Wa pili milioni 41, zege la kumwaga, miezi mitatu. Wa tatu milioni 55, na kabla ya kuongea lolote kaomba achimbe shimo la majaribio. Mama watoto anasema huyu wa tatu anatafuta hela ya shimo. Mimi moyo uko kwa wa kwanza. Mliojenga, mtu ajiandae na nini?

#2 Shangwe_Bunju
Naweka kiti hapa. Na mimi nina kiwanja.

#3 NondoKumiNaMbili
Mkuu, chukua hizo wiki sita uzipige hesabu. Ni siku 42. Toa siku 28 za zege kukomaa. Toa siku 7 za kujaza maji na kuangalia kama yanapungua kabla ya kubandika marumaru. Umebakiwa na siku 7 za kuchimba, kusuka nondo, kulaza mabomba, kumwaga, kupiga plasta, marumaru, grauti ya kuziba mianya ya marumaru na kufunga mashine. Hiyo wiki moja itatosha kuchimba na kusuka nondo tu. Kwa hiyo kuna kitu atakiruka, na mara nyingi kinachorukwa ni kupima maji.

#4 Mzee wa Salasala
Tusitishane. Siku 28 haimaanishi watu wanakaa kibarazani wanasubiri. Zege linafika kama theluthi mbili ya nguvu yake ndani ya siku 7, na humo katikati unaendelea na chumba cha pampu, mabomba ya juu, njia ya kuzunguka bwawa. Nimesimamia kazi zilizoisha wiki nane na hadi leo watu wanaogelea.

#5 NondoKumiNaMbili
Mzee wangu, wiki nane siyo sita. Na zako zilikuwa Salasala mlimani, huyu yuko chini karibu na bahari. Maji ya ardhini ya huko ni habari nyingine.

#6 MamaKigamboni
Hapo kwenye maji ya ardhini naomba niongee. Shemeji yangu huku Kigamboni alijenga bwawa zuri, marumaru za buluu, taa, kila kitu. Mwezi wa nne, masika imekolea, likabadilika rangi likawa kijani. Aliyekuwa analihudumia akashauri litolewe maji yote lisuguliwe. Wakavuta kwa pampu jioni. Asubuhi upande wa kina kirefu umenyanyuka kama shubiri nzima, njia ya kuzunguka imepasuka, mabomba yamekatika pale yanapoingilia ukutani. Halijarudi chini hadi leo.

#7 Shangwe_Bunju
Bwawa la zege limenyanyuka? Mama, hiyo chai ina tangawizi.

#8 Fundi Sanifu
Siyo chai, Shangwe. Tupige kwa vipimo vya mleta uzi. Ukuta na sakafu vikiwa na unene wa sentimita 20, zege lote ni kama mita za ujazo 14, uzito wake kama tani 34. Maji ya ardhini yakipanda mita moja tu juu ya usawa wa wastani wa chini ya sakafu, yanasukuma kwenda juu kwa nguvu ya kama tani 37. Bwawa likiwa limejaa, maji ya ndani yanaongeza tani 45, haliendi popote. Ukilimwaga, limekuwa ndoo tupu ndani ya beseni la maji. Kwa hiyo ukanda wa chini, masika, bwawa halimwagwi bila kujua maji ya ardhini yamefika wapi.

#9 Shangwe_Bunju
Nimenyoosha mikono. Samahani Mama.

#10 BabaTatu
Sasa naanza kumwelewa yule wa shimo. Fundi Sanifu, shimo la majaribio linatakiwa liende kina gani?

#11 Fundi Sanifu
Lizidi kina cha bwawa lako angalau kwa nusu mita, yaani 2.5 hivi ukihesabu na unene wa sakafu. Chimba upande ambapo kina kirefu kitakuwa, liache usiku mmoja, asubuhi pima maji yamesimama wapi. Ukichimba mwezi wa tisa ukakuta pakavu usishangilie, masika hayo maji yatapanda. Waulize majirani wenye visima vifupi maji yao yanafika wapi mwezi wa tano. Na shimo litakuonyesha udongo: mchanga mtupu unaporomoka kuta ukichimba, gharama ya kuzishikilia kuta zisianguke haimo kwenye milioni 28, nakuapia.

#12 Mzee wa Salasala
Dawa ya maji ya chini ni vali ya kupunguza mgandamizo. Inakaa sakafuni, maji ya nje yakizidi inafunguka yenyewe yanaingia ndani, bwawa halinyanyuki. Inamaliza kesi.

#13 NondoKumiNaMbili
Haimalizi. Ile vali inaingiwa na mchanga, inaganda. Wengine wanapiga marumaru juu yake, wengine wanaiziba kwa silikoni kwa sababu ilikuwa inavujisha. Mimi naweka tabaka la kokoto chini ya sakafu na bomba moja la wima linalotokea juu pembeni ya bwawa. Ukitaka kumwaga maji, unachungulia kwanza kwenye bomba. Kuna maji? Unashusha pampu ndogo humo unayavuta kabla hujagusa ya bwawani.

#14 Fundi Sanifu
Weka vyote viwili. Na uongeze uzito wa sakafu.

#15 Nyali_Mjengo
Salamu kutoka Mombasa. Huku kwetu Nyali ni jiwe la matumbawe, maji yanapita kama hayapo, hiyo stori ya kunyanyuka mimi sijaiona. Shida yetu ni kuchimba. Mwanakandarasi anakupa bei ya kuchimba mchanga, akifika futi tatu anagonga jiwe, anasimamisha kazi, anasema sasa ni mashine ya kuvunja na inalipiwa kwa saa. Kwenye mkataba andikeni kabisa: tukikuta mwamba, bei ni hii. Na mwenye kujenga kwako awe amesajiliwa. Kwetu Kenya mamlaka ya usajili ni NCA.

#16 BabaTatu
Kwetu ni CRB kwa wakandarasi na ERB kwa wahandisi. Wa kwanza nimemuuliza leo kama amesajiliwa, kasema tutaongea tukionana.

#17 Mpenda Chwaka
Mie Unguja, ya jiwe namuunga mkono mwenzangu wa Nyali. Langu la kuongeza ni maji ya kisima. Huku pwani kisima kikivutwa sana maji yanageuka chumvi. Ukiyajaza bwawani, mashine zinakula kutu, mota inakufa mapema, na kwenye mstari wa maji kunaganda ukoko mweupe usiotoka hata kwa brashi.

#18 Shangwe_Bunju
Ila si kuna mabwawa ya chumvi siku hizi? Mwenye kisima cha chumvi si ameshapata bwawa la chumvi bila kulipia?

#19 Fundi Sanifu
Hapana. Ile mashine ya kutengeneza klorini kutoka kwenye chumvi inataka gramu 3 hadi 4 za chumvi safi kwa lita. Bahari ina kama 35. Kisima chako kinaweza kuwa popote hapo katikati, tena kimebeba na chokaa ambayo inaganda kwenye vibati vya mashine. Pima maji maabara kwanza. Na usisahau kisima kirefu kwa upande wa Dar kina kibali chake Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu.

#20 Goba_Juu
Kuna na chuma. Jirani yangu alijaza maji ya kisima, safi kabisa, unaona sarafu sakafuni. Akatia klorini jioni, asubuhi bwawa rangi ya chai ya rangi. Fundi akasema ni saruji inatoka. Muuza dawa akasema klorini ilikuwa ya zamani. Mwingine akasema mabomba machafu.

#21 Fundi Sanifu
Huo ni ukutu. Chuma kilikuwa kimeyeyuka hukioni, klorini imekigeuza kikaonekana. Kabla ya kujaza bwawa zima, chota ndoo moja ya maji ya kisima, tia klorini kidogo, iache usiku. Ikigeuka kahawia, umeshajua.

#22 Goba_Juu
Lakini ndoo alijaribu baadaye na haikugeuka. Ndiyo maana hadi leo mafundi wanabishana pale kwake.

#23 NondoKumiNaMbili
Basi aangalie bomba la kuleta maji kutoka kisimani. Kama ni la chuma la zamani, ukutu umetoka humo. Ndoo aliichota wapi, kisimani au bombani?

#24 Dada wa Mabomba
Nifike kwenye mashine, ndiyo kazi yangu. Mleta uzi, bwawa lako lina wastani wa kina mita 1.4, kwa hiyo lita 45,000 hivi. Ukijaza kwa boza la lita 10,000 ni maboza matano, na la tano linabaki nusu. Maji yote yapite kwenye filta kila saa 6, maana yake unahitaji mita za ujazo 7.5 kwa saa. Pampu ya robo tatu ya HP na filta ya mchanga yenye kipenyo cha milimita 500 inatosha kabisa. Watakuuzia ya HP 2 wakuambie ina nguvu. Ina nguvu kweli, inasukuma maji kasi kupita uwezo wa filta, uchafu unapenya unarudi bwawani, na luku inakwenda.
Luku: tukadirie kwa juu, mota ya HP 1 inavuta karibu kilowati 1. Saa 8 kwa siku ni yuniti 8. Kwa matumizi ya kawaida elfu kumi inakupa yuniti kama 28, kwa hiyo weka elfu 85 hivi kwa mwezi ya pampu peke yake.
Na mchanga wa filta siyo wa kujengea. Nimefungua filta moja nikakuta mchanga wa mtoni una vipande vya makombe. Unaotakiwa ni wa silika, punje kati ya milimita 0.4 na 0.8.

#25 BabaTatu
Dada, ubarikiwe. Nimeangalia makadirio ya wa kwanza: pampu HP 2, filta haijaandikwa ukubwa, mabomba yameandikwa "PVC" tu.

#26 Dada wa Mabomba
Hapo kwenye "PVC" tu ndipo pa kushikia. Taka iandikwe PN10, bomba za presha. Kuna watu wanalaza zile nyembamba za maji taka kwa sababu baada ya zege hakuna anayeona. Kabla ya kumwaga, mabomba yote yazibwe, yapigwe presha ya baa 2, geji ikae hadi kesho yake. Wewe mwenyewe piga picha ya geji jioni na asubuhi. Sindano ikishuka, hakuna kumwaga.

#27 Meru_Baridi
Sisi wa Arusha tuna letu. Ukijenga bwawa kivulini, mwezi wa sita na wa saba hakuna anayeingia. Watoto wanatia mguu wanautoa. Mnaokuja kujenga huku, liwekeni linapopigwa na jua la mchana na mnunue pazia la plastiki la kufunika usiku.

#28 Ibn Mutrah
Ndugu zangu, huku Muscat tuna kinyume. Kiangazi maji ya bwawa yanakuwa ya kuogeshea mtoto mchanga, watu wanafunga mashine ya kupoza.

#29 Shangwe_Bunju
Meru na Mutrah mbadilishane maji.

#30 Mtoto wa Houston
Niko Texas, nimefanya kazi na kampuni ya mabwawa. Mambo mawili hamjayagusa na ndiyo yanayoua. La kwanza, uzio. Huku kanuni nyingi zinataka usiopungua mita 1.2, geti linalojifunga lenyewe, na kitasa kiwe juu mtoto asifikie. Uzio wa nyumba hauhesabiki kama mlango wa jikoni unafungukia bwawani.
La pili, tundu la kufyonza la sakafuni. Mwaka 2002 mtoto wa miaka 7, Virginia Graeme Baker, alinaswa na mfyonzo wa tundu hilo kwenye bwawa dogo la maji moto, akafariki. Bunge la Marekani likapitisha sheria yenye jina lake mwaka 2007. Usikubali tundu moja. Yawe mawili yaliyoachana, yameunganishwa kwa bomba moja, na vifuniko vyake viwe vile vilivyobinuka ambavyo mwili hauwezi kuviziba.

#31 MamaKigamboni
Mungu akupe maisha marefu mwanangu. Hili lingekuwa la kwanza kwenye uzi. Na siyo watoto wako tu BabaTatu. Mpira wa mtoto wa jirani utarushwa ndani, atauruka ukuta kuufuata wakati nyie mko kanisani.

#32 Mzee wa Salasala
Kweli. Na dada wa kazi afundishwe kuogelea. Yeye ndiye anashinda na watoto.

#33 BabaTatu
Nimemsomea mama watoto #30 na #31. Amesema bila uzio hakuna bwawa, na sasa yeye ndiye anamtaka fundi wa tatu. Malipo mnayapangaje?

#34 Nyali_Mjengo
Kwa hatua inayoonekana, siyo kwa tarehe. Kuchimba kumeisha, lipa. Nondo na mabomba vimekaguliwa, lipa. Zege, lipa. Maji yamekaa wiki bila kupungua, lipa. Marumaru, lipa. Fungu la mwisho liwe nene, utoe baada ya mashine kutembea mwezi mzima. Anayetaka asilimia 70 mbele anajengea bwawa la mtu mwingine kwa hela yako.

#35 Mzee wa Salasala
Fungu la mwisho likiwa nene sana fundi mdogo anakosa mtaji wa vifaa. Nunua vifaa mwenyewe, yeye mlipe ufundi.

#36 Dada wa Mabomba
Nunua, ila kwa orodha ya mhandisi. Na manispaa upeleke mchoro, bwawa nalo linahitaji kibali cha ujenzi. Waonyeshe na shimo la choo liko wapi, maana bwawa likisogea karibu na shimo la choo kwenye mchanga wa Mbezi mtayajua yote. Maji ya kusafishia filta nayo yawe na pa kwenda. Yana klorini, ukiyaelekeza kwenye bustani ya jirani mtafikishana serikali ya mtaa.

#37 Goba_Juu
Dawa ya klorini msiweke na asidi chumba kimoja. Zikikutana zinatoa gesi ya kuua. Unapochanganya, maji yatangulie kwenye ndoo, dawa ifuate, kamwe usimwagie maji juu ya dawa. Na klorini itiwe jioni, jua linaila.

#38 Tegeta_Nyuki
Wakuu naomba kuteka uzi kidogo. Nina bwawa ukubwa kama wa mleta uzi, lina miaka miwili. Linapungua sentimita 3 kwa siku. Fundi anasema ni jua na upepo wa kusi. Nikubali?

#39 Fundi Sanifu
Sentimita 3 kwenye eneo la mita za mraba 32 ni karibu lita 960 kwa siku. Jua la Dar linachukua kama milimita 5, lita 160. Jaza ndoo maji ya bwawa, isimamishe kwenye ngazi ya kwanza majini, weka alama ndani ya ndoo na nje. Baada ya saa 24 linganisha. Ndoo nayo inapigwa na upepo huohuo.

#40 Tegeta_Nyuki
Ndoo imeshuka kidogo sana, bwawa limeshuka sentimita 3 ileile.

#41 Dada wa Mabomba
Zima pampu siku nzima upime. Kisha iwashe siku nzima upime.

#42 Tegeta_Nyuki
Pampu imezimwa: 2. Imewashwa: 3.

#43 Dada wa Mabomba
Basi bomba la kurudisha maji linavuja, pampu ikisukuma linatoa zaidi. Angalia na vali ya filta, yawezekana inapitisha maji kidogokidogo kwenda nje bila wewe kujua.

#44 NondoKumiNaMbili
Na ile 2 ya pampu ikiwa imezimwa inatoka wapi? Hilo ni ganda la bwawa lenyewe. Limejengwa kwa tofali, nabashiri, na limepasuka pale ukuta unapokutana na sakafu kwa sababu hawakuweka ule ukanda wa mpira kwenye maungio.

#45 Tegeta_Nyuki
Ni tofali kweli. Ila nililiacha bila kuongeza maji na limesimama lenyewe chini kidogo ya usawa wa taa. Halishuki tena zaidi ya ndoo.

#46 Mzee wa Salasala
Taa! Maji yanapita kwenye bomba la waya wa taa. Nondo, acha kusingizia tofali.

#47 NondoKumiNaMbili
Amesema chini kidogo ya taa, mzee. Siyo kwenye taa.

#48 Fundi Sanifu
Tegeta, jaza hadi juu ya taa, zima pampu, maji yatulie. Chukua bomba la sindano bila sindano, vuta rangi ya chakula nyekundu, iachie polepole ukingoni mwa taa. Ikivutwa kuingia mahali, ndipo penyewe.

#49 Tegeta_Nyuki
Nimefanya. Kuzunguka taa rangi imeelea tu. Imevutwa kwenye grauti, marumaru ya pili chini ya taa upande wa kushoto. Kuna ufa mwembamba kama unywele.

#50 Mzee wa Salasala
Ufa umetokana na tundu la taa kukatwa baada ya ukuta kujengwa. Kwa hiyo bado ni taa.

#51 NondoKumiNaMbili
Ufa umetokana na tofali. Bandua marumaru nne hapo utaona unavyopanda kufuata maungio ya matofali.

#52 Dada wa Mabomba
Na ile sentimita moja inayoongezeka pampu ikiwashwa hakuna aliyeieleza bado. Tegeta, kabla hujabandua chochote, ziba midomo ya kurudisha maji na piga presha kwenye hiyo laini peke yake.